Maswali ya Wasomaji: Gari likipotea njia kiwandani, ubingwa unaondokaje?

Safari hii maswali mengi yaliyoingia ni ya Formula 1 na mengi yanarudi palepale, timu inaanza msimu inawaka halafu katikati inazimika, watu wanagombana kwenye magrupu huyu anasema dereva kachoka yule anasema bosi kazingua. Nimechagua yale yanayogusa gari lenyewe na jinsi linavyoendelezwa, maana hapo ndo ubingwa mwingi unapotelea na kwenye matangazo hawapasemei sana.

Mkuu habari za kazi. Mimi nashabikia Red Bull toka enzi za dereva wetu Vettel. 2023 tulishinda mbio 21 kati ya 22. 2024 tukaanza vilevile, tunashinda tu, halafu mwisho wa mwaka ubingwa wa timu tuko wa tatu. Mpaka leo sielewi, mtu anapoteza vipi kitu alichokishika mkononi? — Msomaji wa Mwanza

Nzuri kabisa ndugu yangu. Kwanza hesabu, maana watu wengi wanaikumbuka vibaya. Mbio 10 za mwanzo za 2024 dereva wenu Verstappen alishinda 7. Baada ya mbio ya Hispania mwezi wa sita Red Bull mlikuwa na pointi 330, Ferrari 270, McLaren 237, yaani McLaren wako nyuma pointi 93 na siku ile ukimuuliza mtu angekwambia kombe limeshaenda. Baada ya hapo Verstappen kakaa mbio 10 za Jumapili, yaani zile kuu ukiacha zile fupi za Jumamosi, bila kushinda hata moja, mpaka Sao Paulo mwezi wa 11 kwenye mvua alipotoka nafasi ya 17 akashinda. Mwisho wa mwaka McLaren 666, Ferrari 652, nyie 589.

Sasa sio kwamba katikati hapo Red Bull waliacha kuleta vifaa vipya. Walileta, tena vingi tu, na ndo shida ilipoanzia. Kila kifaa kipya kule kiwandani kilionyesha gari limeongeza mkandamizo, yaani ile nguvu ya hewa inayolibana gari chini kwenye kona, na inawezekana kweli uliongezeka, ila haukukaa sawa mbele na nyuma. Dereva akiingia kona pua inagoma kugeuka, akilazimisha mkia unataka kumpita, ukirekebisha upande huu unaharibu ule. Na dereva akishakosa imani na mkia basi, anashika breki mapema kidogo kila kona, anachelewa kidogo kukanyaga mafuta, na hivyo vikidogo kidogo ukivijumlisha mzunguko mzima unajikuta unaanza wa saba badala ya wa kwanza. Ndo kilichomkuta Verstappen kule Monza, Italia, alianza wa 7 akamaliza wa 6, mwenzake Perez wa 8, na baada ya mbio akasema waziwazi kwamba gari haliendesheki na kwa hali ile makombe yote mawili, la dereva na la timu, hayawezekani.

Wengi wanasema ni kuondoka kwa Adrian Newey, mchoraji wao mkuu wa magari. Ni kweli habari za kuondoka kwake zilitangazwa tarehe 1 Mei 2024, na mtu aliyekaa kwenye mchezo miaka yote ile akiondoka pengo lake linaonekana. Lakini mi naona tukiishia hapo tunakuwa hatujaeleza kitu, gari lile lilishachorwa kitambo na dalili za kuwa gumu kuendesha zilikuwepo hata wakati linashinda. Kushinda kulizificha. Ukishinda kwa sekunde 20 nani atakuja kikaoni aseme jamani tumepinda njia? Halafu siku McLaren walipoleta kifurushi chao cha vifaa vipya Miami mwezi wa tano, dereva wao Norris akashinda mbio yake ya kwanza, na kile kikafanya kazi kama walivyotarajia, ndo Red Bull wakagundua wenzao wanapanda na wao ngazi yao haijulikani imeegemea wapi.

Kombe la dereva Verstappen alilichukua Las Vegas, ila lilichukuliwa na akiba. Alikuwa mbele ya Norris pointi 69 baada ya Hispania, bila zile sidhani.

Shikamoo mwandishi. Nasoma ufundi wa magari hapa Arusha. Swali langu, hawa watu wana kompyuta za hatari na mahandaki ya upepo, inakuwaje kifaa kinafanya vizuri kiwandani halafu barabarani kinakataa? — Mwanafunzi

Marahaba mwanangu, swali lako ndo zuri kuliko yote nitakaa nalo.

Anza na handaki la upepo, yaani chumba kinachopuliziwa upepo kupima hewa inavyopita kwenye gari. Kanuni haziruhusu kuweka gari zima mle ndani, unaweka mfano wa asilimia 60 ya gari halisi, na upepo hauruhusiwi kuzidi mita 50 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 180 kwa saa. Gari lenyewe likiwa Monza linapita 340. Kwa hiyo tayari kuna sehemu ya mwendo ambayo hujaipima, unaikadiria. Halafu barabarani tairi inabonyea na kujikunja kwenye kona na inavobonyea inamwaga hewa chafu kuelekea sakafu ya gari, kuna upepo wa ubavuni, kuna gari la mbele linalokutibulia hewa, kuna dereva anayepanda kingo za kona kutafuta njia fupi. Na toka 2022 mpaka 2025 magari haya mkandamizo wake mwingi ulikuwa unatoka chini, kwenye mifereji ya sakafu, gari linafyonzwa lami. Sakafu ikishuka milimita chache unapata nguvu kubwa, ikishuka zaidi hewa inakatika, gari linaruka, hewa inarudi, linafyonzwa tena, na hapo ndo unapata ule mdundo wa juu chini tuliokuwa tunauona.

Mercedes ndo mfano wenyewe. Ubingwa wa timu 8 mfululizo, 2014 mpaka 2021, wakaja 2022 na gari la ubavu mwembamba ambalo kwa hesabu za kiwandani lilikuwa moto. Wakalishusha barabarani likaanza kudunda. Baku mwaka ule dereva wao Hamilton alitoka kwenye gari kashika mgongo, yaani anajivuta, mtu mwenye makombe 7. Msimu mzima wameshinda mbio moja tu, ya mwenzake Russell kule Brazil. Watu wale wale, kiwanda kile kile, wala hawakusahau kazi usiku mmoja.

Chukulia fundi cherehani ambaye futi yake imevutika. Mkono wake ni ule ule, kitambaa ni kizuri, na kila nguo atakayokata itatoka imepwaya, na kadiri anavokazana kukata nyingi ndo anaharibu vitambaa vingi. Timu ikishagundua namba za kiwandani na za barabarani hazikubaliani kazi ya kwanza inakuwa kuitengeneza futi, na wakati wanaitengeneza hakuna kifaa kipya kinachoaminika, na wapinzani hawakungoji.

Wanaihakikishaje? Ijumaa kwenye mazoezi angalia vizuri kabla gari halijatoka gereji, fundi anakuja na chupa anamwagia bawa au ubavu rangi ya kijani kali, ni unga wa rangi umechanganywa na mafuta mepesi aina ya mafuta ya taa. Gari likizunguka ile hewa inaiburuta rangi inaacha mistari. Likirudi wanapiga picha haraka haraka kabla halijafutwa. Mistari ikiwa imenyooka kama ilivyokuwa kwenye kompyuta wanashukuru Mungu, wakikuta mahali rangi imejikusanya au imerudi nyuma, ujue hapo hewa imeachana na gari na mtu fulani kule kiwandani hatalala. Handaki la Red Bull la Bedford ni la zamani, Horner mwenyewe, bosi wa timu wakati ule, alilisema hadharani kwamba ni masalia ya Vita Baridi, ndo maana wakaamua kujenga jipya Milton Keynes. McLaren lao jipya la Woking lilianza kazi 2023, kabla yake walikuwa wanasafirisha mifano mpaka Cologne kwenye handaki la Toyota. Sisemi handaki peke yake ndo lilileta kombe, ila angalia miaka.

Asalam alaykum. Hizi timu hela wanazo za kumwaga, kwanini wasitengeneze gari jingine tu katikati ya msimu wakaachana na lile bovu? — Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Zamani wangefanya hivo, siku hizi wamefungwa mikono. Toka 2021 kuna ukomo wa matumizi, ulianza dola milioni 145, ukashuka 140 mwaka uliofuata na 135 ulipofika 2023, halafu kuna marekebisho ya mfumuko wa bei na idadi ya mbio. Red Bull walipitiliza ule wa 2021 wakapigwa faini ya dola milioni 7 na kukatwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya hewa.

Na hiyo ya majaribio ndo inauma zaidi kuliko hela. Aliyeshika namba moja anapewa asilimia 70 ya kiwango, wa pili 75, wa tatu 80, hivo hivo mpaka wa kumi anapata 115. Kwa hiyo 2024 inaanza Red Bull wana 70, McLaren waliomaliza wa nne mwaka uliotangulia wana 85. Sasa bingwa akipotea njia ndo yule mwenye nafasi chache kuliko wote za kuitafuta, kila jaribio analofanya kwenye njia mbovu limeliwa na halirudi. Mi naiunga mkono hii kanuni kwa moyo wote, bila hii tungekuwa tunaangalia timu moja miaka kumi.

Omera, mimi ni Ferrari damu. 2024 tumekosa kwa pointi 14. Kumi na nne! Tulizipoteza wapi? — Shabiki, Kisumu

Pole sana ndugu, na kombe la mwisho la timu mlilichukua 2008 kwa hiyo najua inavouma. Ukiniuliza mimi zilipotea mwezi wa sita na wa saba. Kanada magari yote mawili hayakumaliza, sifuri. Halafu Hispania mkaja na kifurushi kipya, sakafu mpya na vinginevyo, kikaongeza mkandamizo kweli lakini kikarudisha ule mdundo kwenye kona za kasi. Silverstone kule Uingereza kona za kasi ndo nyumbani kwake, ikabidi Ijumaa mpime gari moja na sakafu mpya jingine na ya zamani, mwisho mkarudi kwenye ya zamani. Fikiria sasa, wenzako wanasonga mbele na wewe unarudi ulipokuwa mwezi wa tano.

Kuna mtu ataniambia dereva wenu Leclerc Austria alimaliza wa 11 kwa sababu aliguswa mwanzoni akaharibu bawa la mbele, na Silverstone akawa wa 14 kwa sababu waliwahi mno kumvisha tairi za mvua. Ni kweli yote. Ila alianza wa ngapi? Austria wa 6, Silverstone wa 11. Gari likipungua kasi linakuingiza kwenye msongamano, na kwenye msongamano ndo watu wanagusana, na ukiwa wa 11 ndo unalazimika kubahatisha tairi kwa sababu huna cha kupoteza. Kwenye karatasi inaandikwa ajali, inaandikwa kosa la mkakati, lakini mzizi uko kwenye ile sakafu. Hungaria mlileta sakafu iliyorekebishwa, mwezi wa tisa Leclerc akashinda Monza, na mkaikimbiza McLaren mpaka siku ya mwisho Abu Dhabi. Mi naamini kabisa bila zile wiki za katikati kombe lingekuwa kwenu Maranello.

Ya 2025 sitaki nikuongezee machungu, mbio ya pili tu China magari yote mawili yalifutwa kwenye matokeo, la Hamilton, aliyekuwa kahamia kwenu, ubao unaofungwa chini ya sakafu ulisagika kupita kiasi na la Leclerc lilikuwa na uzito pungufu, na msimu ukaisha bila ushindi wa Jumapili hata mmoja.

Kwanini Perez alianguka vibaya vile na Max Verstappen hakuanguka? Gari si ni lile lile? — Dada wa Bujumbura

Ni lile lile dada, na hapo ndo utajua gari gumu linavyoua ubingwa wa timu hata kama dereva mmoja analiweza. Perez baada ya Miami 2024 alikuwa na pointi 103 kwenye mbio 6, yaani alikuwa anafanya kazi yake vizuri tu. Mbio 18 zilizobaki akapata 49. Tofauti ya Red Bull na McLaren mwisho ilikuwa 77. Mtu hasahau kuendesha kati ya Miami na mbio iliyofuata ya Imola. Gari lilikuwa linasogea kuelekea kwenye tabia ambayo Verstappen anaweza kuivumilia, pua kali mkia mwepesi, na mwenzake anabaki anapigana nalo. 2025 wakamweka Lawson, mbio mbili wakamtoa, wakamleta Tsunoda, na mwisho wa mwaka Red Bull walikuwa na pointi 451 ambazo 421 ni za Verstappen peke yake. Mi siku zote nasema ukiona timu inabadilisha dereva wa pili kila mara, kiangalie kwanza kile kiti kabla hujawalaumu waliokikalia.

Sisi huku Nakuru tunaona Safari Rally, je haya mambo yako pia kwenye rali ama ni ya F1 tu? — Msomaji, Nakuru

Yako, tena Naivasha inayaonyesha vizuri. Toka Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 mpaka 2025 Toyota wameshinda kila mwaka, na sio kwamba Hyundai hawana kasi. 2021 Neuville wa Hyundai alikuwa anaongoza mpaka Jumapili saspensheni ya nyuma ikamwangusha, Ogier wa Toyota akapita. Huko hakuna handaki la upepo la kulaumu, ni mawe, mchanga laini unaomeza gari na mvua ya ghafla, na hayo huwezi kuyaleta yote Ulaya ukayapimia. Halafu rali gari likishaidhinishwa mabadiliko unayoruhusiwa ni machache mno, ukikosea unakaa na kosa lako. 2024 Neuville akawa bingwa wa madereva lakini kombe la watengenezaji likaenda Toyota kwa pointi 3, kwenye mbio ya mwisho Japani.

Timu ikishapotea hivyo inaweza kujirudi ndani ya msimu uleule au ndo ngoja mwakani? — Msomaji, Lubumbashi

Inaweza, na 2025 tumeona kitu ambacho mi sikuwahi kukiona. Baada ya Uholanzi mwezi wa nane Verstappen alikuwa nyuma ya Piastri wa McLaren pointi 104. Horner alishaondolewa mwezi wa saba, Mekies kaingia kama bosi mpya, na mbio iliyofuata Monza wakaja na sakafu mpya pamoja na namna tofauti ya kuliandaa gari wikendi, wakimsikiliza zaidi dereva anasema nini kuliko kompyuta inavyotabiri. Kuanzia hapo mbio 9 kashinda 6 na zile 3 zilizobaki alipanda jukwaani zote, yaani kwenye tatu bora. McLaren nao wakafutiwa magari yote mawili Las Vegas kwa ubao wa chini kusagika, ikawa vita mpaka Abu Dhabi. Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410.

Watu wanazitafuta zile pointi 2 Barcelona, pale Verstappen alipomgonga Russell akaadhibiwa akashuka toka wa 5 mpaka wa 10. Mi nazitafuta Hungaria, mwanzo wa mwezi wa nane, wikendi ambayo hakuna aliyekosea, gari tu halikuwa na mshiko toka Ijumaa na hakuna walichobadilisha kilichosaidia. Verstappen alimaliza wa 9, akapata pointi 2. Nafasi moja tu mbele ingempa 4, angefungana na Norris kwa 423, na wakifungana inaangaliwa nani kashinda mbio nyingi. Verstappen alikuwa na 8, Norris 7.